Ini lililodhurika si ini lililoharibika

Makala ya leo yanaanza kwa ungamo. Miaka kadhaa iliyopita watafiti fulani waliniomba niwatafsirie kurasa nne za maelezo kuhusu dawa iliyokuwa bado inafanyiwa majaribio. Kurasa hizo zilikusudiwa kusomwa mbele ya wanakijiji upande wa Msambweni, kaunti ya Kwale, kisha anayekubali kushiriki atie sahihi au kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kazi niliimaliza kwa siku mbili, nikajipongeza. Mahali palipoelezwa kwamba dawa hiyo, ikitumiwa kwa kipimo kikubwa, ilileta madhara katika ini la panya lililotolewa mwilini na kuwekwa kwenye mtambo wa maabara, mie niliandika hivi: “Dawa iliharibu maini ya panya.”

Siku ya kusomwa nilikuwapo. Tulikaa chini ya mwembe, wanaume upande mmoja na kina mama upande wa pili, na kijana wa kule kule kijijini akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye sentensi hiyo, bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake akamkatiza.

“Ngoja kwanza mwanangu. Hiyo dawa yaozesha maini ya panya, nanyi mwataka huyu mjukuu wangu aimeze?”

Watu wakacheka. Daktari wa mradi hakucheka. “Si kuozesha, bibi,” akasema, “ni kuharibu.”

“Haya. Na ini likiharibika huwa vipi?”

Hapo pakawa kimya. Daktari alinitazama mie, nami nikatazama viatu vyangu.

Hebu tulichunguze neno lenyewe. Kitenzi ‘haribu’ asili yake ni Kiarabu, na huko kina maana ya kubomoa, kuacha magofu. Katika Kiswahili cha leo kimetanuka mno. Gari likiharibika njiani ukielekea Kinango, unamwita fundi. Samaki akiharibika unamtupa. Kijana akiharibika, wazee hukaa kikao. Na mimba ikiharibika, hakuna fundi wala kikao kitakachoirudisha. Gari hutengenezeka, samaki hatengenezeki, na kitenzi ni kile kile kimoja. Msikilizaji ndiye anayeamua ni kuharibika kupi kunakosemwa, naye huamua kwa kutazama nomino iliyo jirani. Nomino ikiwa ‘maini’, atakumbuka bucha. Nenda pale Ukunda uagize nusu kilo ya maini, muuzaji atakuapia kwamba ni ya leo, hayajaharibika. Hana maana nyingine zaidi ya kuoza. Kwa hiyo yule bibi hakukosea hata chembe. Alinitafsiria tafsiri yangu.

Kosa la pili lilikuwa la wingi. Nomino ‘ini’ iko katika ngeli ya LI-YA: ini hili, maini haya. Mnyama mmoja ana ini moja. Lakini jikoni na buchani tumezoea wingi, kwa kuwa likishakatwakatwa huwa vipande, na ‘maini’ limekuwa jina la kitoweo. Ukiandika ‘maini ya panya’, msikilizaji huona sahani. Ukiandika ‘ini la panya’, huona kiungo. (Na ukitaka kusema ‘ndani ya ini’, sarufi inakuruhusu useme ‘inini’. Wanafunzi wangu hucheka kila mara, ila hawajawahi kunionyesha kosa lake.)

Tena ini si kiungo cha nyama tu katika lugha hii. Maneno makali hutukata maini. Mpenzi wa dhati huitwa nyongo mkalia ini, kwa sababu kifuko cha nyongo kimeshikamana na ini hata huwezi kuvitenganisha pasipo hatari ya kumwaga uchungu. Aliyetunga msemo huo alikuwa amechinja mbuzi na kumpasua, hilo sina shaka nalo. Kwa hiyo ukimwambia Mswahili kwamba kitu fulani kinagusa ini, umemgusa pale pale anapohifadhi mapenzi na machungu yake. Neno la kufuatia lichaguliwe kwa uangalifu.

Sasa, huko maabarani kulifanyika nini hasa? Nilipoulizwa swali la bibi niligundua kwamba nilikuwa nimetafsiri kitu nisichokielewa. Nilirudi nyumbani nikasoma, nikamsumbua rafiki mwanafiziolojia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Panya mkubwa wa maabara hupewa dawa ya usingizi, kisha hupasuliwa tumbo. Mrija mwembamba huingizwa katika mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini. Wataalamu wa Kilatini waliuita mshipa huo lango, na sioni kwa nini nasi tusiuite mshipa wa lango. Karibu robo tatu ya damu inayofika inini hupitia hapo, iliyobaki huja kwa ateri. Kupitia mrija ule, pampu husukuma maji yenye chumvichumvi na sukari kidogo, yaliyopashwa joto la nyuzi 37 na kujazwa oksijeni. Damu yote husuuzwa, na ini ambalo lilikuwa jekundu la kukoza hupauka likawa rangi ya kahawia hafifu. Panya mwenyewe amekwisha kufa. Ini lake bado li hai. Linavuta oksijeni, linatengeneza sukari, na nyongo inaendelea kudondoka tone kwa tone kwenye kimrija cha pembeni. Huendelea hivyo kwa saa mbili, tatu hivi, ikiwa mpasuaji ana mkono mwepesi. Maji yanayopita ni kama mililita 30 hadi 40 kwa dakika, ilhali ini zima la panya lina uzito wa gramu kumi tu au zaidi kidogo.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1855 Mfaransa Claude Bernard alichukua ini la mbwa aliyekuwa amelishwa nyama, akalipitishia maji kwa nguvu hadi halikuwa na sukari tena, kisha akaliacha. Kesho yake alilikuta limejaa sukari upya. Ndipo ilipojulikana kwamba ini halihifadhi tu vitu vinavyoletwa na damu, bali lenyewe ni kiwanda. Yale maji ya chumvi yanayotumika mpaka leo yana majina ya Hans Krebs na Kurt Henseleit, walioyaeleza mwaka 1932 huko Ujerumani. Mwaka uliofuata Krebs, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alifukuzwa kazi na utawala wa Hitler akahamia Uingereza. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Mchanganyiko wake wa chumvi umedumu kuliko utawala uliomfukuza.

Turudi kwenye lugha. Jambo hili la kusukuma kiowevu ndani ya mishipa ya kiungo lina jina la kitaalamu ambalo wengine wameanza kuliandika ‘pafyusheni’. Silipendi. Si kwamba naogopa maneno ya mkopo. Tatizo ni kwamba halimwambii msikilizaji lolote, na Kiswahili tayari kinacho kifaa cha kazi hiyo hiyo, nacho ni viambishi tamati vya kitenzi. Chukua ‘pita’. Ukikifanya kitu kipite, unakipitisha. Ukikipitisha kwa ajili ya kingine au ndani yake, unakipitishia. Naye anayetendewa hivyo hupitishiwa. Basi tuna ‘ini lililopitishiwa maji’. Maneno matatu, na bibi wa Msambweni haulizi. Kwenye vitabu tunaweza kuwa rasmi zaidi na kusema ‘kiowevu’, au ‘kimiminika’ kama wafanyavyo ndugu zetu wa Tanzania. Hilo la pili lanivutia, maana lile neno la Kilatini lililozaa istilahi ya kitaalamu nalo lilihusu kumimina.

Je, ‘ini lililotengwa’? Nimeliona katika tafsiri moja. Lakini kijijini anayetengwa ni mtu aliyewakosea wenzake, na tangu Korona anayetengwa ni mgonjwa. Mie nasema ‘ini lililotolewa mwilini’, basi.

Kuna maneno mawili zaidi yaliyonitega. La kwanza ni ‘tishu’. Katika vitabu vya shule ni istilahi halali, lakini katika hoteli na nyumba zote kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, tishu ni karatasi laini ya kujifutia. ‘Uharibifu wa tishu’ kwa mfanyakazi wa hoteli ni wageni wanaotumia karatasi ovyo. La pili ni ‘seli’, ambalo kwa Wakenya wengi ni chumba cha kituo cha polisi. Darasani sina neno. Kwenye maelezo ya kusomwa chini ya mwembe natumia ‘chembe hai’ na ‘nyama ya ini’, na mwenye kunicheka na anicheke.

Lakini kiini cha kosa langu kilikuwa katika kitenzi, na hapa ndipo maabara yenyewe iliponifundisha Kiswahili. Katika lile jaribio, madhara hayaji kama giza la usiku, ghafla na kila mahali. Yana ngazi, na yana mahali.

Kuhusu ngazi: chembe ya ini ina ngozi yake nyembamba, na ndani mna vimeng’enya ambavyo katika hali ya kawaida havitoki kwa wingi. Chembe ikiumia, ngozi huvuja. Vimeng’enya hutokea upande wa pili wa ini pamoja na maji, na mtafiti anayekinga maji hayo kila baada ya dakika chache huvipima. Kimoja wapo hujulikana kwa herufi ALT. Aliyewahi kupimwa ini hospitalini amekiona kwenye karatasi yake ya majibu, maana kipimo ni kile kile, ila kwetu sisi hutafutwa katika damu. Pia nyongo hupungua, na oksijeni inayovutwa na ini hushuka. Mwishoni mtafiti anaweza kupitisha rangi ya buluu ambayo chembe nzima huikataa ila chembe iliyokufa haina uwezo wa kuizuia. Akitazama kwa hadubini, huona zipi zimekufa na zipi zimesalimika. Kwa hiyo ziko chembe zilizoelemewa tu, zilizoumia, na zilizokufa, zote katika ini moja, saa ile ile.

Kuhusu mahali: maji huingia kupitia mshipa wa lango na kutokea kwenye mshipa wa katikati ya kila kijisehemu cha ini. Chembe zilizo karibu na lango hupata oksijeni kwanza. Zilizo mwishoni hupata masalio. Aliyewahi kulima kwa maji ya mfereji anajua habari ya shamba la mwisho. Sasa tazama dawa ya paracetamol, ambayo kila duka la Kwale inauza. Kwa kipimo sahihi ni salama kwa watu wengi. Ikizidi mno, ini lenyewe, katika kuivunjavunja, hutengeneza kitu chenye sumu, na akiba ya kukidhibiti ikiisha, chembe huanza kufa. Zinazotangulia ni zile za mwishoni, karibu na mshipa wa katikati, kwa sababu huko ndiko kwenye vimeng’enya vingi vya kuitengeneza sumu hiyo. Zile za langoni zinaweza kubaki nzima. Sasa neno ‘limeharibika’ lina faida gani hapa? Lapaka rangi moja ini zima.

Kiswahili kinayo maneno ya ngazi hizi. ‘Kuumia’ ni la Kibantu, na mwenye kuumia aweza kupona. ‘Kudhurika’, ambalo nalo ni la asili ya Kiarabu, ni pana. Linasema kitu kimepata hasara bila kusema kiasi gani, nalo linafaa pale ambapo kiasi hakijajulikana. ‘Kufa’ halihitaji ufafanuzi. Lile ‘haribika’ tungelibakiza kwa samaki na magari. Nimewasikia hata wauguzi wakimwambia mgonjwa ambaye kipimo chake cha ALT kimepanda kidogo, “Ini lako limeharibika.” Mtu hurudi nyumbani akagawa mali! Ilhali ini ni kiungo mahiri wa kupona. Mwaka 1931 Wamarekani wawili, Higgins na Anderson, walieleza jinsi panya aliyekatwa theluthi mbili za ini lake anavyolirudishia ukubwa wake wa awali kwa siku chache tu. Theluthi mbili!

Msomaji wa Nairobi atauliza, kwa nini watu wa Kwale wajali ini la panya? Nitamjibu kwa kichocho. Wizara ya Afya ina kituo cha utafiti wa maradhi haya Msambweni, na kwa miongo mingi wanasayansi wa humu nchini na wa vyuo vya Marekani kama Case Western Reserve na Stanford wamefanya kazi huko. Kichocho kinachotawala pwani ya kusini ni kile cha kibofu. Mtoto akioga bwawani, vijidudu vilivyotoka kwa konokono wa maji hutoboa ngozi yake, hupita mapafuni, kisha huenda kukomaa katika mishipa ya ini. Ni baada ya kukomaa na kupata wenzi ndipo minyoo husafiri hadi mishipa ya kibofu, na mkojo ukaanza kutoka na damu. Ziwa Victoria wana kichocho kingine, ambacho mayai yake hukwama inini kwenyewe na kulitia makovu. Kiswahili kinayaita yote mawili kichocho, jambo ambalo siku moja litahitaji safu yake pekee.

Dawa yake, praziquantel, hupewa watoto shuleni, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ikimezwa, hufyonzwa matumboni na kuingia mshipa wa lango, na kituo chake cha kwanza ni ini. Humo sehemu kubwa ya dawa hubadilishwa kabla haijafika kwingine mwilini. Ini hufanya hivyo kwa dawa nyingi za kumeza. Na swali la ‘ini peke yake linabakiza kiasi gani cha dawa hii, na linaumia kwa kiasi gani’ ni gumu kulijibu ndani ya mnyama mzima, kwa kuwa figo, mapafu na moyo vyote vinaingilia. Ini lililopitishiwa maji hulijibu moja kwa moja. Unajua kilichoingia, unapima kilichotoka.

Aidha kuna mahindi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ya kuvu hiyo ililenga ini. Magazeti yetu, na hili letu halijasalimika, yaliandika ‘aflatoksini’ wiki baada ya wiki. Tanzania wameiita ‘sumukuvu’. Mama anayeanika mahindi yake Lunga Lunga akiambiwa ‘sumukuvu’ anajua mara moja ni sumu, na anajua inatoka wapi. Akiambiwa ‘aflatoksini’ anadhani ni jina la duka la dawa. Wivu wa kiisimu si jambo la kujivunia, lakini neno hilo nawaonea wivu.

Nilirudi Msambweni baada ya wiki tatu na kurasa nilizoziandika upya. Sentensi yangu sasa ilisomeka hivi: “Watafiti walitoa ini la panya mwilini, wakalipitishia maji ya chumvi yenye dawa hii kwa saa mbili. Dawa ilipokuwa nyingi mno, baadhi ya chembe hai za ini ziliumia, na nyingine zikafa. Ilipokuwa kidogo, hazikuumia.” Ni ndefu mara sita kuliko ile ya kwanza, na waliolipia uchapishaji walinung’unika.

Bibi alikuwapo, mjukuu mapajani vilevile. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza, “Na hizo zilizoumia, mwanangu, zilipona?”

Daktari alifikiri kidogo. Ini la kwenye mtambo huishi saa chache tu. Linaweza kuonyesha jeraha, lakini halina muda wa kuonyesha kupona. Alimwambia hivyo hivyo, kwa lugha nyepesi, akaongeza kwamba kuna jaribio jingine la panya wazima waliopewa dawa kwa majuma kadhaa, ila matokeo yake hayakuandikwa kwenye karatasi zile.

“Basi nayo yaandikeni,” akasema bibi, “kisha mje mnisomee.”

Siku hiyo hakutia kidole.